Nakivale na Mbarara: dirisha unaloweza kuhama nalo

Simu nyingi za wakimbizi wa Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, zina picha zinazofanana. Ndugu aliyepelekwa Marekani, Kanada au Australia amesimama sebuleni kwake, na nyuma yake kuna dirisha jeupe, pana, lenye kioo safi na fremu isiyo na ufa wala kutu. Picha kama hiyo ikifika kwenye mitaa ya makazi, Base Camp au New Congo, mazungumzo hayakawii kugeukia nyumba. Kama kuna pesa kidogo za kutumwa, kwa nini na sisi tusitie madirisha kama yale, tukaachana na mbao zinazoliwa na mchwa kila mwaka?

Swali ni la haki na linastahili kujibiwa kikamilifu. Dirisha baya linagharimu zaidi ya bei yake: linaleta malaria, linafuga moshi na kikohozi ndani, linamfungulia mwizi. Na kwa familia ya mkimbizi, ambayo mgao wake wa chakula umekuwa ukipunguzwa mara kwa mara tangu mwaka 2020, kosa la kununua kitu cha ujenzi ambacho hakitadumu ni kosa linalolipwa mezani.

Dirisha lile la kwenye picha, mara nyingi, ni la vinili, yaani plastiki ngumu ya PVC. Ni jamii moja na mabomba ya maji yanayouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi pale jijini Mbarara. Hutengenezwa kwa mafuta ya petroli na chumvi, na klorini inayotoka kwenye chumvi ndiyo zaidi ya nusu ya uzito wake. Wajerumani walianza kuuza madirisha ya namna hiyo miaka ya 1950, lakini kilichoyaeneza hasa ni mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973. Gharama ya kupasha nyumba joto ilipanda ghafla, na watu wa nchi za baridi wakaanza kuhesabu joto linalowapotea kupitia kuta na madirisha. Plastiki haipitishi joto upesi kama chuma. Fremu ikitengenezwa na vyumba vya hewa ndani yake, kisha vikatiwa vioo viwili vyenye nafasi katikati, nyumba inabaki na joto lake usiku kucha. Leo vinili ndiyo inayoongoza katika nyumba mpya za Marekani, na anayeishi kwenye theluji ningemshauri aitie bila kusita.

Mbarara haina theluji. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Usiku joto hushuka hadi kama nyuzi 15, mchana hupanda hadi 27 au 28, na hakuna anayelipia joto la nyumba. Ile sifa kubwa iliyoipa vinili soko Ulaya, huku haina kazi ya kufanya. Dirisha la huku kwetu Ankole linatakiwa liingize hewa na mwanga, lizuie mwizi na mbu, na lihimili vumbi la kiangazi na mvua za upepo zinazopiga ukutani kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba.

Kuna jambo jingine ambalo picha haionyeshi, nalo ni jua. Jua la karibu na Ikweta hupiga plastiki kwa miale ambayo huipausha na kuifanya iwe kavu na rahisi kuvunjika. Viwanda vizuri huchanganya kemikali za kuikinga, hasa unga mweupe wa titani, na vinili ya namna hiyo hudumu miaka mingi. Vinili hafifu huokoa pesa hapohapo, kwenye ule unga. Ukiziweka mbili dukani, zote ni nyeupe, zote zinang'aa, na mnunuzi hana jicho la kuzitofautisha mpaka baada ya misimu michache, moja ikishaanza kuwa ya manjano. Tena plastiki hutanuka sana ikipata joto. Fremu ya mita moja na nusu ikitoka kwenye baridi ya alfajiri ya nyuzi 15 hadi kwenye joto la nyuzi 45 juani, inarefuka kwa milimita 3 hivi. Aluminiamu ingerefuka kwa milimita 1, na mbao, kwa urefu wake, hata robo ya milimita haifiki. Ndiyo maana vinili inataka fundi anayejua kuacha nafasi pembeni na kuijaza kwa kitu kinachonyumbulika. Fundi akiibana kwa saruji kama alivyozoea kubana fremu ya chuma, itapinda, na ikishapinda haifungiki.

Halafu njoo kwenye matengenezo, maana hapo ndipo mimi ninapotoa uamuzi wangu. Pembe za dirisha la vinili huunganishwa kiwandani kwa mashine inayoyeyusha plastiki kwenye joto la nyuzi kama 250. Ndani ya fremu hutiwa vipande vya chuma vya kuipa nguvu, na vishikio na bawaba zake ni za mtindo wa kampuni iliyolitengeneza. Pembe ikivunjika, huwezi kuipigilia msumari, huwezi kuichomelea, wala huwezi kukata kipande cha fremu ya jirani ukakiunga. Unaagiza jingine. Mbarara vinili bado ni kitu cha oda, hukuti kimetundikwa nje ya karakana. Kutoka Mbarara hadi Base Camp ni zaidi ya kilomita 50, na sehemu ya mwisho ya safari ni barabara ya vumbi yenye mashimo, ambayo kioo hakiipendi.

Anayejenga Mbarara kwenyewe, kwenye kiwanja chake, basi mashindano hasa ni ya chuma na aluminiamu. Tangu Mbarara ipandishwe hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, ujenzi umezidi kusogea nje kuelekea Biharwe, Kakiika na kwingineko, na katika nyumba nyingi utaona moja kati ya hayo mawili. Dirisha la chuma, lenye grili iliyochomelewa humohumo, ndilo mkongwe wa mitaa. Mchomeleaji yeyote analijua. Likivunjwa linaunganishwa, likilegea linanyooshwa. Adui yake ni kutu, na kutu ina mahali inapopenda: chuma cha chini, pale maji ya mvua yanapotulia kati ya kioo na puti. Ukienda kuchukua dirisha lako karakana, ligeuze uangalie chini. Mafundi wengi wanapaka rangi ya kuzuia kutu upande unaoonekana na kusahau upande utakaokaa ukutani, ambao hautafikika tena.

Aluminiamu haina kutu na inapendeza, na ndiyo inayochaguliwa na wengi wenye uwezo. Lakini wengi huchagua ile ya kusukuma, inayoteleza kwenye reli, bila kufikiri kwamba dirisha la namna hiyo kwa kawaida halifunguki zaidi ya nusu. Umelipia mita moja na nusu ya dirisha, hewa inapita kwenye robo tatu ya mita. Reli ya chini nayo hukusanya vumbi jekundu la murram, vumbi likichanganyika na maji ya mvua linakuwa tope, tope likikauka magurudumu yanakwama, na mwenye nyumba anaanza kulisukuma kwa goti. Kama unataka aluminiamu, mwombe fundi akutengenezee ya kufunguka nje kwa bawaba. Inagharimu zaidi kidogo kwa vifaa vyake, lakini chumba kinapumua.

Na mbao? Katika mji imeachwa kwa sababu ya sifa mbaya ambayo, kusema kweli, si ya mti wenyewe. Mvule ikiwekwa chini ya paa lenye upenu mrefu hukaa miongo mingi, na mchwa wanaiogopa. Madirisha na milango ya mbao ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, yamepigwa na chumvi ya bahari vizazi na vizazi. Tatizo ni kwamba mvule hukua polepole, imevunwa kupita kiasi, na bei yake imemkimbia mtu wa kawaida. Kilichobaki sokoni ni kalitusi na paini. Hapo ndipo haraka ya fundi inapoharibu jina la mbao: kalitusi inapasuliwa leo, inakuwa fremu kesho, na baada ya miezi miwili imejikunja, dirisha halifungi na nyufa zinapitisha kidole.

Sasa twende Nakivale, ambako suala linabadilika kabisa.

Makazi haya ya wilaya ya Isingiro yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo wengi wake wanatoka Kongo, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, na jumla yao imepita laki moja zamani. Uganda inasifiwa duniani kwa kumpa mkimbizi kipande cha ardhi badala ya kumfungia kambini, na sifa hiyo ni halali. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010 ziko wazi: mkimbizi anaruhusiwa kuitumia ardhi aliyopewa kwenye makazi, hana ruhusa ya kuiuza wala kuikodisha. Ukuta utakaoujenga unabaki. Ukihamishiwa kijiji kingine, ukirudi kwenu, au jina lako likitokea kwenye orodha ya kupelekwa ng'ambo, unachoweza kuondoka nacho, au kumuuzia jirani, ni bati, mlango na dirisha.

Hiyo ndiyo hoja ninayotaka msomaji wa Nakivale aishike kabla ya kusikiliza sifa za aina yoyote ya fremu. Dirisha lake ni mali inayohamishika. Lichaguliwe kama kitu kitakachong'olewa siku moja na kutiwa kwenye ukuta mwingine bila kuharibika. Vinili iliyokwisha kubanwa ukutani haipendi kung'olewa. Chuma kilichozamishwa kwenye saruji kinang'oka na nusu ya ukuta. Fremu ya mbao iliyofungwa kwa skrubu ndefu kwenye nguzo za ukuta wa fito na udongo inatoka kwa bisibisi, asubuhi moja, na jioni iko kwenye nyumba nyingine.

Wako walioona hakuna haja ya kuhangaika na dirisha zuri kwa sababu wanaondoka. Ninawaelewa. Maelfu ya Wakongo walikwisha kuhojiwa, wakapimwa afya, wakawa wanasubiri ndege. Kisha Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ikasimamisha upokeaji wa wakimbizi, na safari zikakatika, nyingine zikiwa zimebaki siku chache. Familia zilizokuwa zimeuza vitu zikarudi kwenye nyumba zenye matundu. Anayesubiri naye ana watoto wanaolala humo usiku wa leo. Dirisha linaloweza kung'olewa linamfaa anayekaa na linamfaa anayeondoka.

Mafundi wapo, na huu ni utajiri ambao Nakivale haijautumia ipasavyo. Wengi wa Wakongo wa huko wametoka Kivu, na Goma ni mji ambao nyumba za mbao ni jambo la kawaida, hasa tangu volkano ya Nyiragongo ilipomwaga lava katikati ya mji Januari 2002 na watu wakajenga upya juu ya mwamba ule mweusi. Mtu aliyekulia huko anaijua mbao. Mpe msumeno, randa, patasi na nyundo, hahitaji umeme wala jenereta kukutengenezea fremu yenye pembe zilizochimbwa na kuingiliana, badala ya zile zilizogusanishwa na kupigiliwa misumari miwili. Hiyo pembe iliyochimbwa ndiyo tofauti ya dirisha la miaka miwili na dirisha la miaka kumi na mitano. Mwombe akuonyeshe kabla hajaipaka rangi.

Mbao yenyewe haitoki mbali. Msitu wa hifadhi wa Rwoho, katika eneo hilihili la kusini-magharibi, una mashamba ya paini yaliyopandwa na Mamlaka ya Taifa ya Misitu ya Uganda pamoja na vikundi vya wanavijiji, chini ya mradi uliosajiliwa mwaka 2009 katika mpango wa Kyoto wa kupunguza hewa ukaa. Kuzunguka Nakivale kwenyewe miti imekwisha kwa kuni na mkaa, na kukata michache iliyobaki kwa ajili ya fremu itakuwa dhambi dhidi ya wajukuu. Nunua mbao ya shambani, hata kama ni ghali kidogo.

Kisha ikaushe. Ipange kivulini juu ya vijiti, kila ubao ukitenganishwa na mwenzake ili upepo upite, uiache wiki kadhaa. Ipakwe dawa ya mchwa ya dukani kabla ya kuunganishwa, hasa kwenye ncha, kwa sababu ncha ndizo zinazonywa maji. Wengi hutumia oili chafu ya gari. Inawafukuza mchwa kweli, lakini ina madini mazito na sumu nyingine, kwa hiyo isipakwe upande wa ndani ambako mtoto anashika na kulamba vidole. Mchwa nao usiwatafute kwenye dirisha. Watafute chini ya ukuta, utaona vijia vyembamba vya udongo vinavyopanda kutoka ardhini. Wanapitia kwenye nguzo, wanaifikia fremu kwa nyuma, na rangi ya mbele inabaki nzuri mpaka siku unapobonyeza kwa kidole gumba na kidole kikazama. Vunja vijia hivyo kila mwezi, na usiegemeze kuni ukutani chini ya dirisha.

Ukubwa wa dirisha ndiyo sehemu inayonisikitisha zaidi. Nyumba nyingi za makazi zina tundu dogo la mraba lenye kibao cha kufunga, kwa hofu ya mwizi na ya baridi ya usiku, na kibao hicho kikifungwa saa kumi na mbili jioni chumba kinakuwa giza na moshi. Kanuni ya kawaida ya wajenzi ni kwamba dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba cha mita tatu kwa nne kina mita 12 za mraba, kwa hiyo kinataka mita 1.2 za mraba za dirisha, na ni afadhali zigawanywe kwenye kuta mbili zinazotazamana ili hewa iingie huku itokee kule. Pale watu sita wanapolala chumba kimoja, na mmoja wao akawa na kifua kikuu bila kujua, mkondo wa hewa ni kinga ya kweli.

Mbu ndiye wa mwisho, na si kwa uzito. Uganda ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa kabisa wa malaria duniani, na Nakivale iko kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizotiwa wavu milangoni na madirishani, ukazibwa pia uwazi wa kati ya ukuta na paa, ziliingiwa na mbu wachache kwa zaidi ya nusu, na upungufu wa damu kwa watoto wake ukapungua. Tazama kwamba uwazi wa juu umetajwa pamoja na dirisha. Mbu wa malaria anapenda sana kupitia hapo juu, kwa hiyo anayetia dirisha la vioo vya bei na kuacha uwazi ule amefunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi. Dirisha la mbao lina faida moja hapa: ni rahisi kuligongomea fremu ya pili nyembamba ya wavu upande wa ndani, huku bawa la mbao likifunguka nje. Jioni bawa linabaki wazi, hewa inaingia, wavu unazuia. Wavu ukichanika, ni vijiti vinne na misumari midogo.

Hata mwisho wa dirisha ni wa kufikiriwa. Fremu ya mbao isiyotiwa dawa ikichakaa inaishia jikoni ikapika maharage, lakini iliyopakwa dawa ya mchwa, oili chafu au rangi isichomwe. Vinili ikitupwa kwenye moto wa takataka, kama plastiki nyingi zinavyochomwa makazini, inatoa moshi wa tindikali unaounguza koo na sumu za dioksini zinazokaa mwilini kwa miaka. Mahali pasipo na gari la taka, hilo peke yake lingetosha kunifanya nisite.

Uamuzi wangu basi ni huu. Mwenye kiwanja na hati Mbarara atie chuma kilichopakwa rangi pande zote, au aluminiamu ya bawaba, na kama anaitaka vinili, aandikiwe na muuzaji ahadi ya kumletea vipuri miaka kumi ijayo. Aliyeko Nakivale atie mbao: paini au kalitusi iliyokauka, pembe za kuchimbwa, bawaba tatu imara kila bawa, wavu ndani, paa lililotoka nje ya ukuta walau nusu mita ili mvua isilifikie. Nanyi ndugu mlioko ng'ambo, mkituma pesa za dirisha, tumeni pamoja na maagizo haya kwa fundi, na mumwambie fremu aifunge kwa skrubu, asiizamishe kwenye saruji.